Usilionee Haya Gari la Bei Nafuu: Barua kwa Swahiba Aliyeko Cluj

Pitești, 14 Oktoba

Swahiba wangu,

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na koti mwilini. Nimefurahi mtoto amepona kikohozi, na shemeji ameanza kazi. Lakini ile aya yako ya mwisho, uliyoiandika haraka haraka kama mtu anayeona aibu, ndiyo iliyoniketisha mezani usiku huu. Unasema umeona gari Sibiu, Dacia Logan MCV, ile ya buti refu, ya mwaka 2016, na wenzako kazini wamekucheka. Wamekuambia rahisi ni ghali, na kwamba mtu wa mshahara wako angetafuta gari la Kijerumani, hata kama lina miaka 15.

Mimi nimekaa hapa Pitești, Romania, miaka 11. Kiwanda cha magari haya ya Dacia kipo Mioveni, hapo jirani tu, na katika jengo letu hakuna ngazi isiyokuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Niliyoyasikia kwao na niliyoyaona kwa gari langu mwenyewe yananiambia kwamba wenzako wanachanganya magari mawili tofauti yanayotumia jina moja. Mojawapo lilikuwa rahisi kwa sababu nchi ilikuwa imekabwa. La pili ni rahisi kwa sababu kuna watu walikaa chini wakachagua, kitu kimoja baada ya kingine, nini kiwemo na nini kisiwemo.

Nianze na lile la kwanza. Mwaka 1966 serikali ya Romania ilitiliana mkataba na Renault ya Ufaransa, na kiwanda kikajengwa mahali palipoitwa Colibași wakati ule, ndiyo Mioveni ya leo. Jina la Dacia ni la ufalme wa kale wa nchi hii, ule ambao Kaisari Trajan wa Roma aliuteka mwaka 106. Mpango ulikuwa kutengeneza Renault 12, ila gari hilo lilikuwa bado halijatoka hata huko Ufaransa, kwa hiyo wakaanza na Renault 8 yenye injini nyuma, wakaiita Dacia 1100. La kwanza kabisa alikabidhiwa Nicolae Ceaușescu, mtawala wa nchi wakati ule, Agosti 1968. Mwaka mmoja baadaye ikatoka Dacia 1300, na hiyo ndiyo iliyoingia katika maisha ya watu.

Miaka ya kwanza vipuri vilikuwa vinatoka Ufaransa, hapa vinaungwa tu. Kidogo kidogo wakaanza kuvitengeneza wenyewe, mpaka karibu kila kitu kikawa cha hapa. Ndiyo maana wazee wa huku ukiwatajia 1300 watakuuliza kwanza ni ya mwaka gani. Ya mwanzoni mwa miaka ya 70 wanaiheshimu. Leseni ya Renault ilipokwisha mwaka 1978, ikafuata Dacia 1310, gari lile lile lililobadilishwa uso, nalo likaendelea kutengenezwa kwa miaka na miaka huku dunia ikisonga mbele. Miaka ya 80 Ceaușescu alikuwa ameamua kulipa deni lote la nje, na kila kilichoweza kuuzwa nje kiliuzwa. Raia wakabaki na baridi, giza na foleni. Kiwanda kinachopelekwa hivyo, bila fedha za vifaa vizuri, kitatoa nini? Bodi zilizoshika kutu mapema na milango iliyohitaji kubamizwa. Kicheko cha wenzako kilizaliwa hapo, na kwa gari lile walikuwa na haki ya kucheka.

Mzee jirani yangu wa ghorofa ya nne bado anayo 1310 yake. Alianza kuweka pesa benki mwaka 1980, akalipata gari 1985. Miaka mitano! Rangi hakuulizwa. Anasema siku ya kulichukua alienda na kaka yake, wakalizunguka wakihesabu: gurudumu la akiba lipo, jeki ipo, waipa zipo. Petroli ilikuwa ya mgao, na Jumapili moja yaliruhusiwa kutembea magari ya namba shufwa, inayofuata yale ya namba witiri. Bahati yao, namba ya mzee ilikuwa witiri na ya kaka yake shufwa. Basi kila Jumapili familia mbili zilijibana ndani ya gari moja, wakaenda kwa mama yao kijijini.

Hadi leo, akiliegesha, anachomoa waipa na kuingia nazo ndani. Nilimwambia, mzee, siku hizi nani ataiba waipa za 1310? Akanijibu kwamba mkono wake umezoea. Wakati wa baridi kali alikuwa akifungua betri, anaipandisha ngazi zote nne, inalala jikoni, asubuhi anaishusha. Siku moja Januari aliniita nione anavyoliwasha. Akavuta choki, akakanyaga mafuta mara mbili, akangoja kidogo huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani, ndipo akazungusha ufunguo. Lilikohoa, likashika, kibanda kizima kikajaa harufu ya petroli. Vidole vyake vina makovu meupe ya spana kwenye kila kifundo. Gari lile limemfundisha ufundi kwa lazima, kwa sababu hapakuwa na fundi wa kumpelekea wala kipuri dukani. Nchi nzima ilifunzwa ufundi hivyo, chini ya madirisha ya maghorofa, kila Jumamosi.

Usidhani wote waliendesha gari la aina moja lakini. Kulikuwa na 1301, iliyokuwa imekamilika zaidi ndani, nayo ilikuwa ya wakubwa wa chama. Mzee akilitaja hilo sauti yake hubadilika.

Sedani ya mwisho ya 1310 ilitoka kiwandani Julai 2004, piki-apu zikaendelea mpaka Desemba 2006. Ukijumlisha ukoo wote wa 1300 na 1310 unakaribia magari milioni 2. Mwaka uliofuata ule wa sedani ya mwisho, serikali ilianzisha mpango wa Rabla, unapeleka gari kuukuu lisagwe, unapewa punguzo la kununulia jipya, na maelfu kwa maelfu ya hizo 1310 zilikwenda huko. Mzee alikataa. Hata kwa pesa, alisema, hawezi kulipeleka mwenyewe likauawe.

Sasa njoo kwa gari lako. Renault walirudi mwaka 1999, wakanunua asilimia 51 ya kampuni. Mkuu wao, Louis Schweitzer, alikuwa ametembelea Urusi akaona Lada za kizamani zinauzwa kwa wingi kuliko magari yake, kwa sababu moja tu, bei. Akawapa wahandisi wake kazi ambayo wengi waliiona kama ndoto: gari la kisasa, la kuaminika, lenye nafasi ya watu wazima watano, kwa euro 5,000. Logan ikazinduliwa mwaka 2004.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hapa ndipo jibu la wenzako lilipo. Ile Logan ya kwanza, vioo vyake vya pembeni vina umbo moja, cha kushoto na cha kulia, hivyo kiwanda kilihitaji umbo moja badala ya mawili. Vipande vya plastiki vya kukinga milango, vivyo hivyo. Kioo cha mbele hakikupindwa sana, maana kioo kilichopindwa ni ghali kukitengeneza. Dashibodi ilimwagwa kipande kimoja kizima. Injini na gia zilichukuliwa kutoka magari ya Renault yaliyokwisha kuzunguka barabarani miaka mingi, kasoro zake zilishajulikana na kurekebishwa. Gari la bei ya chini kabisa halikuwa na redio wala usukani mwepesi, na vioo vya milango unazungusha kwa mkono. Lakini walichokiacha kiwe kikubwa na imara ni kile kinachoteseka kwenye barabara mbaya: gari limeinuka vizuri kutoka ardhini, shokapu zake ni za kuvumilia mashimo, na buti lake linabeba lita 510. Huo ndio urahisi wa akili. Hakuna aliyepunguza unene wa chuma cha ekseli ili aweke taa nzuri ndani.

Iliandaliwa kwa ajili ya nchi kama hii na nyingine za kipato cha chini. Wafaransa na Wajerumani wakaitaka wenyewe, na kufikia 2005 ilikuwa inauzwa Ufaransa. Ikafuata Sandero mwaka 2008, kisha Duster 2010. Mwaka 2024 Sandero ndiyo gari lililouzwa zaidi Ulaya nzima, swahiba, kuliko hayo ya Kijerumani wanayokusifia. Na Ufaransa wenye magari haya wamewahi kukutana kwa maelfu, wakala pamoja uwanjani, watoto wakicheza. Mtu anayeonea aibu gari lake hafungi safari kwenda kulionyesha kwa wenzake.

Nisikufiche upande wa pili wa habari hii. Kiwanda kilikuwa na watu zaidi ya 25,000 wakati Renault wanaingia, na karibu nusu yao waliondoka katika miaka iliyofuata. Mwaka 2008 waliobaki waligoma karibu wiki tatu wakidai nyongeza ya mshahara, na wakaipata kwa sehemu. Mwanamke wa ghorofa ya pili alikuwemo. Bei ya gari ni ndogo pia kwa sababu mikono inayoliunga inalipwa kidogo kuliko ya Paris. Nikikaa ndani ya gari langu huwa nakumbuka hilo, na sioni vibaya wakidai chao.

Langu ni Logan ya 2006, jeupe, injini ya lita 1.4, nililinunua mkononi mwa mwalimu aliyestaafu. Honi yake haipo katikati ya usukani, ipo kwenye ncha ya kile kijiti cha indiketa, unaibonyeza kwa ndani. Mwezi wa kwanza kila nilipotaka kupiga honi nilikuwa napiga usukani bure. Sasa nikipanda gari la mtu mwingine mkono wangu unatafuta kijiti. Vioo nazungusha kwa mkono, na mwanangu anaona hiyo ndiyo kazi yake kuu duniani. Limekwisha kutembea kilomita 260,000. Kiangazi cha mwaka juzi tulipanda nalo Transfăgărășan, ile barabara ya milimani, watu wazima wanne na mtoto, buti limejaa mahema na sufuria, mpaka kule juu kwenye mita 2,042. Gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, tukipitwa na pikipiki. Halikuharakisha. Lilipanda tu, kona baada ya kona, na tulipofika ziwani Bâlea nikaweka kiganja juu ya boneti kama unavyompapasa ng'ombe aliyevuta jembe siku nzima.

Shida kubwa niliyoipata, na hii nakuomba uishike, haikutoka kwenye gari. Nilipeleka gari kwenye gereji moja, jina lake halina haja, kubadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Wiki moja baadaye, niko njiani kuelekea Râmnicu Vâlcea, mshale wa joto ukapanda. Nikasimama, nikangoja lipoe, nikarudi polepole nikiongeza maji kila baada ya mwendo mfupi. Gereji ile ile wakaniambia gasketi ya kichwa cha injini imeungua, gharama lei 2,500 za hapa, na niache gari hapo hapo. Nilikuwa tayari kulipa, kwa sababu nilikuwa na hofu na sikujua kitu.

Mzee wa ghorofa ya nne ndiye aliyenizuia. Alishuka jioni na tochi na kile kisanduku chake cha bati. Akanusa kifuniko cha oili, akatazama kijiti cha oili: safi, hakuna utelezi wa rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia ndani ya oili. Akaliwasha, akalala ubavu chini ya bampa, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita nilale karibu naye. Mwanga wa tochi ulikuwa umetua kwenye mpira wa maji, pale unapoungana na pampu, na tone moja lilikuwa linajikusanya, linaning'inia, linadondoka, jingine linaanza. Kile kibano cha bati kinachoubana mpira kilikuwa kimelegea, walisahau kukikaza. Mzunguko mmoja na nusu wa bisibisi. Basi. Tukajaza maji yake, tukatoa hewa, na mpaka leo mshale haujasogea. Mzee alikataa pesa, ila aliniambia kitu cha kufanya, nami nimekifanya tangu siku ile: kila Jumamosi nafungua boneti, naitazama mipira na mikanda, hata kama gari halina neno.

Wanaolalamikia magari haya wana hoja, usiwapuuze. Kelele za upepo na matairi kwenye barabara kuu zinasemwa na wengi. Plastiki za ndani ni ngumu na zinakwaruzika. Kwenye ile Logan ya kwanza kiti cha nyuma hakilali, kwa hiyo ngazi ya kupakia rangi huwezi kuibeba. Halafu kuna usalama, na hapa nitasema wazi kwa sababu una mtoto. Mwaka 2005 Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, waliipa Logan nyota 3 kati ya 5. Mwaka 2021 Sandero Stepway ilipata 2, na Dacia nyingine mbili, Jogger na ile Spring ya umeme, zikapata 1 kila moja. Sehemu ya sababu ni vifaa vya kumsaidia dereva, kama vya kuonya na kufunga breki, ambavyo siku hizi vina uzito mkubwa katika alama, na Dacia waliviacha ili bei ishuke. Kwa kumlinda mtu mzima ndani, ile Sandero ilipata asilimia 70. Lakini hizo za bei ya chini kabisa za mwanzo zilitoka bila ABS, yaani breki zisizofunga magurudumu, na mimi nisingempakia mtoto wako humo. Hapa kuacha vitu kulikwenda mbali mno, kwa maoni yangu. Uzuri ni kwamba tangu Novemba 2014 kila gari jipya Ulaya lazima liwe na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kwa hiyo hilo lako la 2016 linao.

Kuhusu hilo lako hasa. Injini ya 0.9 yenye tabo haina mkanda wa taimingi, ina cheni, kwa hiyo muuzaji akikudai pesa ya "mkanda mpya" ujue hakijui anachokiuza, au anakujua wewe. Cheni inategemea oili safi, basi muulize alibadilisha oili lini na akuonyeshe risiti. Anasema kilomita 98,000. Omba namba ya chesisi, kisha kwa RAR, ile mamlaka ya magari ya Romania, utaona kilomita zilizoandikwa kila gari lilipokwenda kwenye ITP, ukaguzi wa lazima wa gari. Kurudisha nyuma kilomita ni ugonjwa wa soko hili, na ukurasa mmoja utakuokoa na mengi. Tazama pia mpira wa pedali ya klachi na ukingo wa kiti cha dereva: vikiwa vimelika hadi kung'aa, hizo 98,000 si zake. Hizo euro 6,200 anazotaka zina nafasi ya kushuka. Usilipe hata senti ya kushika gari kabla hatujaliona.

Nimesema "hatujaliona" kwa sababu Jumamosi ya tarehe 25 sina zamu. Panda treni ya asubuhi kuja Sibiu, mimi nitapita bonde la Olt na Logan langu, nikukute kituoni. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hatujafika, tunataka kulisikia likiwa baridi. Mzee amesikia habari hii, naye ameuliza kama kuna nafasi kwenye gari. Ameshaanza kupanga kisanduku chake. Wewe njoo na nguo ya kulala chini.

Msalimie sana shemeji, na mbusu mtoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Pitești